Sarafu ndogo za shaba za Roma ya kale: uchukue mbwa mwitu, pishi, kofia au kifaru?

Mpwa wangu anafundisha historia sekondari kule Tanga, juzi kanipigia simu anasema mjomba nimejibanabana nimepata hela kidogo, nataka kununua sarafu mbili tatu za Roma ya kale wanafunzi wazishike kwa mikono yao maana picha za kitabuni haziwaingii, sasa nichukue zipi? Nikamwambia hili si swali la kujibu kwa simu, ngoja nikuandikie. Na kwa kuwa najua wapo wengine wanaojiuliza hivyohivyo nimeona niandike kwa wote.

Kwanza sahau dhahabu, na fedha pia iache kwa sasa. Sio kwa sababu ya bei tu. Dhahabu na fedha zililipa majeshi na matajiri, ila shaba ndo ilikuwa mkononi mwa mchuuzi wa mboga, mpagazi wa bandarini, mama anayepeleka watoto kuoga, na wengi wao hawakujua kusoma, kwa hiyo mchoraji wa muhuri (kile kipande kilichochongwa picha cha kugongea sarafu) alikuwa na nafasi ya kidole gumba tu kumwambia mtu yule kitu kimoja akakielewa. Ndo maana mi nasema usichague kwa jina la Kaisari wala kwa kung'aa, chagua picha. Iulize hii picha inasema nini na ilikuwa inamwambia nani. Ukishajibu hapo utajua kama inakufaa.

Kuna vipindi viwili ambavyo mtu wa kawaida anaweza kumudu. Kimoja ni karne ya 1, vile visarafu vya kwadransi, kimoja ni karne ya 4, enzi za Kaisari Constantine na wanawe, zile wanaita numusi. Katikati kuna mengi lakini hapa ndo picha zimejaa maana, na bei haziumizi sana.

Kwadransi ndo ilikuwa sarafu ya chini kabisa mjini Roma wakati ule, robo ya asi, sarafu nyingine ya shaba, na asi 16 zilikuwa dinari moja ya fedha, maana yake kwadransi 64 ndo zinafika dinari. Sasa fungua Mathayo sura ya 20, vibarua wa shamba la mizabibu wanapatana dinari moja kwa siku, ndo upate picha ya udogo wa kitu hiki. Na yule mjane maskini aliyetia visarafu viwili kwenye sanduku la hekalu, Marko anawaeleza wasomaji wake kwamba viwili vile vilikuwa sawa na kwadransi moja. Mjini Roma kwadransi ndo ilikuwa kiingilio cha hamamu. Uzito wake karibu gramu 3, upana kama milimita 17 hivi, na mara nyingi ni shaba nyekundu tupu, ila wauzaji wanaziweka fungu moja na za bronzi, usishangae. Nyingi hazina sura ya mtu kabisa. Ni kitu tu, kofia, chombo, mnyama, na maandishi kuzunguka.

Hapa kuna mbili ambazo lazima uzilinganishe maana zimefuatana kabisa, za makaisari wawili, Caligula na Claudius.

Ya Caligula (ilipigwa kuanzia mwaka 39 hadi 41) upande mmoja ina kofia, pileus, ile kofia ya kuba aliyovishwa mtumwa akiachwa huru. Upande wa pili katikati kuna herufi tatu kubwa, R CC. Hiyo CC ni 200 kwa namba za Kirumi, na R ni kufutwa, yaani sehemu moja ya mia mbili imefutwa. Ni kodi ya mnada. Kaisari Augustus aliweka asilimia moja kwa kila kilichouzwa mnadani, mwaka 17 Tiberius aliyemfuata akaipunguza hadi nusu, Caligula akaja kuifuta kwa Italia yote. Hebu fikiria, serikali inafuta kodi, halafu tangazo linawekwa kwenye pesa ndogo kuliko zote, ile ambayo kila mtu ataishika! Wapo wanaosema kofia inahusu zaidi kura ambazo Caligula aliwarudishia wananchi, na wala sioni kama hayo mawili yanagombana. Kuna chache zenye maandishi COS QVAT, yaani konsuli (cheo cha juu serikalini Roma) mara ya nne, na cheo hicho alikianza Januari mwaka 41, mwezi uleule aliouawa. Ukishika moja ya hizo umeshika wiki chache tu za historia.

Ya Claudius, aliyemfuata, upande wa mbele ina modius. Ni chombo cha kupimia nafaka, kama pipa fupi lenye miguu mitatu, kwetu ungeita pishi ingawa yao ilikuwa kubwa zaidi, kama lita 8.7. Basi. Hakuna sura, hakuna mungu, ni pishi tu na jina la Kaisari limeizunguka, nyuma SC kubwa, yaani kwa idhini ya Seneti, na vyeo vyake vimezunguka hapo. Kwanini pishi? Kwa sababu Roma ilikuwa inakula ngano ya kuletwa kwa meli kutoka Misri na Afrika ya kaskazini, na Seneca, mwandishi wa wakati huo, anaandika kwamba Caligula alipokufa chakula kilichobaki mjini kilikuwa cha siku saba au nane. Siku saba, mji mkubwa kuliko yote duniani ya wakati huo! Claudius anaingia madarakani Januari 41 na hicho kisarafu kinatoka mwaka huohuo, na mwaka 42 anaanza kujenga bandari mpya karibu na Ostia ili meli za ngano zipate pa kutia nanga. Kwa hiyo ile picha ni ahadi, mtakula. Na ahadi yenyewe imewekwa kwenye pesa ya maskini.

Kati ya hizo mbili mi nachukua pishi kwa ajili ya darasa, bila kusita. Kofia inahitaji maelezo marefu, kodi ya mnada, watumwa, kura, mwanafunzi anaanza kusinzia. Pishi mtoto wa Tanga anaitambua kabla hujafungua mdomo, bibi yake anapimia mchele na maharage kwa vibaba. Halafu inapatikana kirahisi na bei yake kwa kawaida iko chini ya ile ya Caligula, maana jina la Caligula lenyewe linapandisha bei. Kuna ya Claudius nyingine yenye mkono umeshika mizani na herufi PNR chini, nzuri kwa macho, lakini maana ya herufi zile bado wataalamu wanabishana, sasa mwalimu unasimama mbele ya watoto unasema nini?

Kifaru sasa. Hiki ni kishawishi, nakiri mwenyewe kinanitoa roho. Ni kwadransi ya Kaisari Domitian, miaka ya 84 na 85, mbele kuna kifaru kainamisha kichwa anataka kushambulia, ukiangalia vizuri ana pembe mbili, na hapo ndo pa kusimama kidogo, kwa sababu kifaru wa Bara Hindi anayejulikana zaidi ana pembe moja, mwenye pembe mbili namna hiyo ni wa Afrika. Mshairi Martial anamsifia kifaru wa pembe mbili aliyerusha dubu juu kwenye michezo ya uwanja ule mkubwa wa Colosseum, uliofunguliwa mwaka 80. Sasa kuna mwongozo wa mabaharia wa karne hiyohiyo, ulioandikwa kwa Kigiriki, Periplus, unaelezea pwani yetu hii ukiita Azania, na soko la mwisho linaitwa Rhapta, na kati ya bidhaa zinazotoka huku unataja pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Sisemi yule mnyama wa kwenye sarafu katoka Handeni, alipotoka sarafu haisemi. Ila mwanafunzi wa pwani akiambiwa kwamba wakati kile kisarafu kinapigwa Roma pembe za kifaru zilikuwa zinapakiwa majahazini huku kwao, huyo hatasahau. Tatizo ni bei tu. Kifaru anatafutwa na kila mtu, kwa hiyo unalipa mara kadhaa ya pishi kwa kipande kilichochakaa zaidi, na umaarufu huohuo ndo unaleta bandia nyingi. Kama hela ipo, chukua. Kama haipo, onyesha picha yake kubwa ukutani, sarafu ya kushika iwe nyingine.

Tuhamie karne ya 4. Huku mambo ni tofauti kabisa, zilipigwa kwa mamilioni kwenye viwanda vingi toka Trier, Ujerumani ya leo, mpaka Alexandria kule Misri, na bado zinafukuliwa kwa wingi, mwaka 2013 Uingereza peke yake lilipatikana fungu moja la sarafu 22,888 huko Seaton Down, Devon. Kwa hiyo ya kawaida yenye hali nzuri unaipata kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili hapa London, na inasomeka vizuri kuliko kwadransi, ambazo nyingi zimetembea mikononi mpaka zikalainika.

Linganisha hizi mbili, maana ni pacha. Mwaka 330, tarehe 11 Mei, Constantine alizindua mji wake mpya wa Constantinople, na kwenye kipindi hicho zikaanza kutoka sarafu mbili za uzito mmoja, karibu gramu 2.5. Ya kwanza imeandikwa VRBS ROMA (yaani mji wa Roma, hiyo V ni U, wao walichonga hivyo), mbele kuna mwanamke kavaa helmeti, huyo ni Roma mwenyewe, nyuma kuna mbwa mwitu jike anawanyonyesha mapacha Romulus na Remus, wale wa hadithi ya kuanzishwa kwa Roma, juu nyota mbili. Ya pili imeandikwa CONSTANTINOPOLIS, mbele mwanamke mwenye helmeti tena lakini kabeba fimbo ya enzi, nyuma Ushindi, yaani mungu wa kike wa ushindi, mwenye mabawa kasimama juu ya omo ya meli, mkuki mkono mmoja, ngao mwingine. Ukiziweka pamoja mezani ndo unaelewa: mji wa zamani na mji mpya, mkubwa na mdogo, msiogope wakubwa wa Roma hamjatupwa.

Mimi ninayo moja ya mbwa mwitu, ya Trier, chini kabisa ina herufi TRS, alama ya kiwanda. Nikitaka kuiona naweka taa ubavuni, sio juu, kivuli kiingie kwenye mikunjo, halafu lenzi ya mara kumi. Manyoya ya shingoni ni vinundu vidogovidogo vimepangwa mistari, kichwa kageuza nyuma anawatazama watoto, na wale watoto wawili wamekaa chini ya tumbo wameinua mikono, mmoja bado ana kichwa na bega, wa pili amefutika amebaki kama punje ya mtama. Milimita 17 yote hiyo. Kila nikiiangalia namfikiria yule fundi aliyechonga muhuri kwa mkono, bila lenzi ya maana, na alichonga mingi tu ya namna hiyo.

Ya omo nayo ina jambo zito nyuma yake. Wengi wanaamini Ushindi yule juu ya meli unakumbusha vita vya baharini vya mwaka 324 pale Hellespont, mlango wa bahari ulioko Uturuki ya leo, ambapo meli za Constantine zilizipiga meli za mpinzani wake Licinius. Aliyeongoza meli zile ni Crispus, mtoto mkubwa wa Constantine. Mwaka 326 baba mwenyewe akaamuru auawe, na jina lake likafutwa kwenye maandishi ya mawe. Miaka minne baadaye picha ya ushindi wa baharini inatoka kwenye kila mfuko wa himaya na aliyeuleta hatajwi popote. Kwa darasa la kidato cha tano na sita ningeleta hii. Kwa wadogo mbwa mwitu anatosha, herufi zake wanazisoma wenyewe, U-R-B-S R-O-M-A, na mtoto akishasoma neno kwenye kitu cha miaka karibu 1,700 macho yake yanabadilika.

Kama somo lako ni uchumi zaidi, mfumuko wa bei na hayo, basi tafuta GLORIA EXERCITVS mbili. Ya mapema ina askari wawili na bendera mbili za jeshi katikati yao, kama gramu 2.5. Kuanzia kama 335 hivi sarafu ikasinyaa mpaka karibu gramu 1.6 na bendera ikabaki moja. Ziweke zote mbili kwenye mizani ya jikoni inayosoma nukta, wanafunzi waone pesa inapungua huku maandishi yakisema vilevile utukufu wa jeshi. Ni za bei ya chini kuliko zote hapa. Kwa uzuri peke yake lakini hazinivutii.

Za mpanda farasi anayeanguka, FEL TEMP REPARATIO, yaani nyakati za heri zimerejea, zilianza karibu 348, wakati Roma inatimiza miaka 1,100 kwa hesabu yao wenyewe. Askari wa Kirumi anamchoma mkuki adui aliyeinama juu ya farasi wake aliyeporomoka, adui ananyoosha mkono nyuma kama anaomba. Ni picha ya ukatili, na nimemshika mtu akiigeuza haraka asiione. Kwangu mimi hiyo ndo sababu ya kuwa nayo: maneno yanasema heri, picha inasema mkuki. Chukua ya mwanzo zilipokuwa kubwa, za mwishoni zimebana mpaka mkono wa adui hauonekani.

Dini. Ukitaka kuonyesha jinsi Roma ilivyohama polepole kutoka miungu ya zamani kwenda Ukristo, weka SOLI INVICTO COMITI, yaani kwa Jua lisiloshindwa, mwenzi, mungu Jua mwenye taji la miali kainua mkono, ambayo Constantine aliendelea kuipiga miaka kadhaa hata baada ya makubaliano ya Milan ya 313 yaliyoruhusu Ukristo, halafu ubavuni weka ile iliyotoka baada ya kifo chake, 22 Mei 337: upande mmoja kajifunika kichwa kama marehemu, wa pili yuko kwenye gari la farasi wanne anapaa na mkono unashuka kutoka mbinguni kumpokea. Kaisari wa zamani walipaa wakawa miungu, huyu anapaa lakini kuna mkono unaompokea. Eusebius, askofu wa wakati uleule, ameitaja sarafu hiyo. Kadogo sana lakini, milimita 15, bila lenzi mwanafunzi wa dawati la nyuma haoni kitu. Zile za mwisho za karne, SALVS REIPVBLICAE (usalama wa dola) za milimita 13, nazo zina alama ya Kikristo pembeni na Ushindi anayemburuza mateka, ila ni ndogo mno kwa darasa, ziache. (Shaba hizi za mwisho zilifika mbali, zimepatikana kwa wingi Sri Lanka na kusini mwa India, na wenyeji wakazipiga za kuiga.)

Sasa mambo ya kununua, na hapa nisikilize. Nilishawahi kununua kofia ya Caligula kwa muuzaji mmoja, picha nzuri, nikafurahi wiki nzima. Ilipofika nikaipima, gramu 4.6, nzito mno, nikaangalia ukingoni kuna mstari mwembamba umezunguka kama wa kopo la maziwa, na usoni vitobo vidogo vya mapovu. Ni ya kumwaga kwenye kalibu, haijapigwa nyundo. Kwa hiyo uliza uzito kabla hujalipa, omba picha ya ukingo, na uliza imetoka kwa nani na ana karatasi gani. Hilo la mwisho sio la bandia tu, nchi kama Misri, Uturuki na Italia haziruhusu vitu hivi kutolewa kiholela, na sarafu iliyochimbwa usiku ikauzwa kimyakimya imeiba habari ya pale ilipolala. Muuzaji akikwepa swali, achana naye hata kama kifaru ni cha bei ya chini.

Ikifika Tanga adui yako ni hewa ya bahari. Unyevu na chumvi vinaamsha ugonjwa wa shaba, utaona unga wa kijani kibichi kama chokaa unaota sehemu moja na ukiugusa unabanduka, huo unakula sarafu mpaka iishe. Kijani kigumu, laini, chenye kung'aa hicho ni kizuri, usikiguse. Weka kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Na tafadhali usiisugue kwa ndimu wala siki wala majivu kama sufuria ya harusi, ndani ya dakika tano utatoa ngozi yote ya miaka 1,700 na bei inaondoka nayo.

Kwa hiyo mpwa wangu, kwa hela yako ile: pishi ya Claudius moja, mbwa mwitu mmoja, na ikibaki chenji ongeza ya omo iende na mbwa mwitu, maana zikiachana kila moja inabaki nusu ya habari. Kifaru tutampata mwakani tukichanga. Lenzi usinunue, nakuletea yangu ya pili Desemba nikija.